Ukibadilisha stichi, upana usibadilike

Leo naongea na nyie mnaofuma krosheti na kuuza mtandaoni: vitambaa vya makochi, mabegi, sweta za watoto na kadhalika.

Mteja wa mtandaoni hashiki kitu mkononi kabla ya kulipa. Anaona picha, anasoma vipimo, anatuma hela. Sasa umemwandikia upana sm 40, kitambaa kinamfikia upande mmoja sm 40, mwingine sm 36. Hapo utarudisha hela au utafumua ufume upya, na nauli ya mzigo kurudi inakuhusu wewe.

Nikikagua kazi zilizopinda, mara nyingi naona pindo limeanza kuharibika pale fundi alipobadilisha stichi. Sababu kubwa ni mbili: ama idadi ya stichi imebadilika, ama idadi ni ile ile ila stichi mpya ni pana au nyembamba kuliko ya kwanza. Kila moja ina dawa yake, kwa hiyo kabla hujafumua, hesabu kwanza.

Ili tuelewane: stichi fupi ni ile unayoingiza sindano, unavuta uzi, kisha unapitisha uzi kwenye vitanzi vyote viwili mara moja. Stichi ndefu unazungusha uzi kwenye sindano kwanza, unapata vitanzi vitatu, halafu unavitoa viwili viwili.

1. PINDO: HAPA NDIPO STICHI ZINAPOTEA

Ukigeuza kazi unafuma mnyororo wa kupandia. Stichi fupi inataka mnyororo 1, stichi ndefu inataka 3. Tatizo ni kwamba sheria zake hazifanani:

- Mnyororo 1 wa stichi fupi hauhesabiwi. Stichi yako ya kwanza inaingia kwenye tundu la kwanza kabisa.
- Minyororo 3 ya stichi ndefu, kwa mtindo uliozoeleka, inahesabiwa kama stichi ya kwanza. Unaruka tundu la kwanza, unaanza la pili. Ukirudi mstari unaofuata, stichi ya mwisho unaifuma juu ya ile minyororo 3, kwenye mnyororo wa tatu.

Ukiruka tundu la kwanza halafu ukasahau kufuma juu ya minyororo, unapoteza stichi 1 kila mstari. Ukifuma tundu la kwanza na juu ya minyororo pia, unaongeza 1 kila mstari. Mistari 10 ni stichi 10 hizo! Kitambaa kinakuwa kama sketi.

Ukitoka ndefu kuja fupi, stichi fupi ya mwisho nayo inakwenda juu ya minyororo 3. Wengi wanaisahau kwa sababu haionekani kama stichi. Weka alama: pini ya usalama au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye stichi ya kwanza na ya mwisho ya kila mstari. Unaihamisha unavyopanda.

2. IDADI IKO SAWA LAKINI UPANA HAUKO SAWA

Hapa inabidi ufume kipande cha majaribio. Tumia uzi ule ule na sindano ile ile, fuma kila stichi kipande chake, kizidi sm 10 kwa upana. Kilaze mezani bila kukivuta, hesabu stichi ndani ya sm 10.

Tuseme fupi zimetoka 20 na ndefu 18. Kazi yako ina stichi fupi 40, yaani sm 20. Ukiingia kwenye ndefu na stichi hizo hizo 40, upana unakwenda sm 22 na kidogo. Hujakosea hesabu, lakini pindo limetoka nje.

Una njia mbili:

- Badilisha sindano. Kama unatumia ya mm 4, jaribu ya mm 3.5 kwa mistari ya ndefu. Ukirudi kwenye fupi, rudisha ya mm 4. Pima tena kwenye kipande cha majaribio.
- Badilisha idadi. Kwa sm 20 unahitaji ndefu 36. Kwenye mstari wa mwisho wa fupi, punguza 4: fuma 8, unganisha 2 ziwe 1, rudia mara 4. Ukirudi kwenye fupi, mstari wa kwanza ongeza 4: fuma 8, kwenye ya 9 weka 2, rudia mara 4. Usipunguze zote pembeni, utapata kona.

Mimi sindano naibadilisha pale tofauti ikiwa ndogo. Ikiwa kubwa, napunguza idadi, maana ukilazimisha sindano ndogo sana kitambaa kinakuwa kigumu.

3. USITEGEMEE PASI

Kulowesha kitambaa cha pamba, kukinyoosha na kukibana kwa pini mpaka kikauke kunasaidia kuweka umbo. Lakini stichi iliyopotea hairudi kwa maji wala pasi. Na uzi wa sintetiki ukiupiga pasi ya moto unalala, hauinuki tena.

4. ANDIKA KWENYE DAFTARI

Aina ya uzi, namba ya sindano, stichi ngapi kwa sm 10, umepunguza wapi. Mteja akipenda kitambaa kimoja akaagiza vingine vitano, hutabahatisha. Muda wa kipande cha majaribio nao uingize kwenye bei, ni kazi hiyo.

Kabla ya kupiga picha ya kuuzia, pima upana sehemu tatu: chini, katikati, juu. Zikilingana, weka futikamba juu ya kitambaa na upige picha nayo ikionekana. Mteja akiona namba kwa macho yake, maswali yanapungua.