Upepo Ukishapita Katoro, Kagueni Ukuta Kwanza

Kimbunga cha baharini kama Hidaya, kilichopiga pwani yetu Mei 2024, hakifiki huku Katoro, mbali na bahari. Huku kwetu balaa ni mvua ya mawe na upepo unaoezua mapaa, nao unaua. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya namna hiyo ilishukia kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Zaidi ya watu 40 walifariki, wengi wakiangukiwa na kuta za nyumba zao za udongo.

Kwa hiyo jua likitoka, msikimbilie kutafuta bati lililopeperuka. Tazameni ukuta. Tofali bichi likishalowa hubaki zito na laini ndani hata kama nje limeshakauka, na laweza kumomonyoka siku kadhaa baadaye, watu wakiwa usingizini. Anza chini, pale matone ya paa yanaporukia: udongo ukibonyea kwa kidole, au vipande vikibanduka, ukuta huo umeshachoka. Angalia pembe za nyumba na juu ya madirisha kama kuna ufa mpya. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri jana ukikwama leo, huenda nyumba imeinama. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, toeni watoto na magodoro, mkalale kwa ndugu au jirani hadi fundi aikague. Choo cha shimo nacho kikaguliwe hivyo hivyo kabla mtoto hajatumwa huko.

Waya wa umeme ulioanguka usiguswe, wala bati lililoulalia. Weka watu mbali, kisha pigia TANESCO namba 180. Kama kuna mtu amefukiwa, Zimamoto ni 114.

Visima vifupi huingiwa na maji ya vyoo baada ya mafuriko, na kipindupindu hakichelewi. Chujeni maji kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni yatokote. Mkaa ukiwa umelowa, tumieni vidonge vya kutibu maji kama pakiti inavyoelekeza, na subirini nusu saa kabla ya kunywa. Mtu akiharisha maji matupu, mpeni ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, huku mkimwahisha kituo cha afya.

Baridi ya usiku baada ya mvua huwashawishi wengi kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Tafadhali msifanye hivyo. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na familia nzima yaweza isiamke.

Kabla hujaezeka upya, piga picha za uharibifu na umwone mwenyekiti wa eneo lako au mtendaji uandikishwe. Tathmini ya maafa huanzia kwao, na asiyeandikwa mapema husahaulika msaada ukija.

Neno la mwisho ni kwa wachimbaji wadogo, maana hapa tunaishi kwa dhahabu. Januari 2024, kipindi cha mvua kubwa, udongo uliporomoka katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, ukaua zaidi ya watu 20. Kuvuta maji kwa pampu hakuyafanyi maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kuwa salama, kwa kuwa kingo zake bado zimelowa na magogo yanayozishikilia yaweza kuwa yamelegea. Asishuke mtu hadi msimamizi na ofisa madini waridhike. Na wewe mzazi, kijana wako akiaga asubuhi ya pili baada ya mvua kwamba anawahi duarani, mzuie.