Somo: Chumba cha Kupanga Sinza

Sinza iko Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja huko, ikachonga barabara. Watu wakajenga. Leo nyumba nyingi zina wapangaji.

Ukihamia Sinza utafurahi. Duka liko karibu. Jioni barabarani wanauza chipsi na samaki wa kukaanga. Daladala hupita tangu alfajiri.

Kero nazo zipo. Choo ni kimoja, watu ni wengi. Umeme wa Luku mnachangia. Ukiisha usiku, kila mtu anamtazama mwenzake. Redio ya jirani hailali.

Lakini angalia sana kodi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja. Hizo ni fedha za mavuno yako. Zamani ulitia dole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Basi soma mkataba kwanza. Kodi ni shilingi ngapi? Ni ya miezi mingapi? Maji na umeme analipa nani? Ukilipa, dai stakabadhi, uitunze. Kisha ujiandikishe ofisi ya serikali ya mtaa.

Maswali
1. Taja kero mbili za nyumba ya kupanga.
2. Kwa nini tusome mkataba kabla ya kulipa?