Motokari ya zamani inazaa motokari mpya: piese gani kuchunga, gani kutupa



Juma lililopita, saa ya kujisomea mangaribi, ubishi ulitokea katika darasa letu la sita. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha ya motokari ndogo, haina dari, haina milango, magurudumu ya mbele yako inje kabisa kama macho ya chura. Akasema kwamba kule Uingereza watu wanajitengenezea motokari hii wenyewe, nyuma ya nyumba, na vyuma vya motokari ya zamani. Wengi wakacheka. Mmoja akasema: “Iko kazi gani hapo? Ni kuchukua piese za zamani, kupaka rangi, basi.” Mimi kapita wenu nilipashwa kunyamazisha darasa, lakini nilinyamaza mimi wa kwanza, kwani neno lile la “kupaka rangi, basi” lilinichoma. Sababu yake mutaisoma huko mbele. Somo hili ni jibu langu.

Tuanze na asili ya jambo. Zamani, katika Uingereza, mtu aliyenunua motokari nzima alilipa kodi nzito, lakini aliyenunua piese zake ndani ya masanduku, azifunge yeye mwenyewe, hakulipa kodi ile. Ndiyo sababu Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alipotoa Lotus Seven katika mwaka 1957, aliiuzisha vilevile kwa vipande. Ilikuwa motokari nyepesi sana, shasi yake ni bomba za chuma zilizounganishwa kwa moto. Katika 1973 kodi ikabadilishwa na faida ile ikaisha. Mwaka uleule Lotus ikaachia kazi ya Seven kampuni nyingine, Caterham, nayo inaendelea kuzitengeneza. Lakini bei yake si ya kila mtu.

Halafu katika 1996 mwalimu mmoja wa Oundle School, jina lake Ron Champion, alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kujitengenezea motokari ya mufano ule kwa pauni 250. (Mwalimu wa sekondari! Walimu wetu wasome mustari huu mara mbili.) Motokari za namna ile watu waliziita Locost, jina linalosikilika kwa Kiingereza kama “bei ndogo”, tena linacheza na jina la Lotus. Shasi mtu anaikata na kuisudire mwenyewe na bomba za pembe nne, upande mmoja milimita 25. Vingine karibu vyote vinatoka kwa motokari moja ya zamani inayokufa. Hiyo wanaiita mtoaji, kama vile tunavyosema juu ya mtu anayetoa damu hospitalini. Na munajua kwamba damu inapimwa mbele ya kupewa mgonjwa.

Mtoaji waliyempenda zaidi ni Ford Escort ya kwanza na ya pili, zilizotengenezwa tangu karibu 1968 mpaka 1980. Juu ya nini hizo? Kwa sababu motere iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, sawasawa na Lotus Seven. Escort ya tatu ilipotoka katika 1980, magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, kwa hiyo haikufaa tena. Katika Escort ile ya pili mtu anatoa motere, sanduku la vitesi, kardani, ekseli nzima ya nyuma pamoja na freni zake, kremayere ya kugeuzia magurudumu, freni ya mkono, waya na saa za mbele ya dereva. Vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele vinatoka kwa ndugu yake, Ford Cortina. Siku hizi Escort hizo zimekuwa adimu na bei kali, basi watu wanatafuta Ford Sierra au Mazda MX-5.

Vitu vingine vinaachwa hata kama ni vizima. Escort inapima karibu kilo 900, lakini motokari mpya itapima kilo 500 au 600 hivi. Resori za Escort zitakuwa ngumu mno kwake, nayo itarukaruka barabarani kama mbuzi. Kwa upande wa freni uzito huu mdogo ni faida. Mukumbuke fizikia ya mwaka wa tano: nguvu ya mwendo ni nusu ya masi mara vitesi mara vitesi tena. Masi ikipunguka, joto linalopashwa kumezwa na freni linapunguka vilevile. Kardani nayo ni ndefu mno, inapashwa kukatwa. Kazi hiyo hawaifanyi nyumbani, wanaipeleka kwa wenye mashini ya kuisawazisha, kwani kardani isiyozunguka sawa inatetemesha motokari nzima na kuvunja rulema.

Sasa kufungua. Mwenye akili hafungui kitu siku ya kwanza. Kwanza anaendesha mtoaji kama angali anatembea, anasikiliza: vitesi ya pili inaruka? ekseli inalia? motere inatoa moshi wa buluu? Ikishalala vipande chini, hakuna atakayejibu maulizo hayo. Kisha anamwaga mafuta juu ya bulo zote zenye kutu na kuziacha siku mbili tatu. Bulo ikitoka, ekuru yake inarudishwa palepale juu yake, visipoteane. Kila fungu linatiwa ndani ya mfuko wake na karatasi ya jina. Mujomba wangu, ambaye ni fundi, anafanya na katoni: anachora umbo la piese, anatoboa matundu, anachomeka kila bulo pahali pake. Nilimcheka siku ya kwanza. Siku ya kufunga sikucheka tena, kwani bulo mbili zinazofanana zinaweza kupitana milimita tano tu, na ile ndefu ikiingia pahali pa fupi inapasua chuma cha ndani.

Kusafisha kuko namna mbili. Mafuta na matope yanaondoka na petroli ya taa na burashi. Kutu inataka burashi ya chuma na jasho, ama inataka kemia, na hapa wa darasa la nne munisikilize vizuri. Munachukua ndoo ya plastiki, maji, na soda ya kufulia. Piese yenye kutu munaifunga kwa waya upande wa kutoa wa shaji ya bateri, volti 12. Kipande cha chuma kisicho na faida munakifunga upande wa kujumlisha. Vyote viwili viko ndani ya maji lakini havigusani. Mukiwasha, povu linatoka kwa piese na kutu inalegea, nyuma ya saa kadhaa munaipangusa kama masizi ya sufuria. Chuma kizima hakiliwi, ndiyo uzuri wake kuliko asidi. Lakini povu lile ni hidrojeni, inawaka. Kazi inafanyika inje, na shaji inazimwa mbele ya kugusa waya. Upande wa kujumlisha hamutie kamwe chuma kile kisichoshika kutu, kama kijiko cha mezani, kwani kromu yake inaingia katika maji kwa namna ya sumu kali. Aluminiumu nayo hapana, soda inaikula. Na resori au bulo ngumu sana vilevile hapana, hidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike mara moja kama bisikuti.

Piese ikishakuwa safi, sasa ndipo hukumu, kwani uchafu ulikuwa unaficha. Vyuma vya kushika magurudumu na vya kugeuzia, mtu anatafuta ufa. Ufa mwembamba jicho haliuoni. Kuna njia ya wazee wa garaji, haiombi mashini. Munalowesha chuma ndani ya petroli ya taa usiku mmoja. Asubuhi munakipangusa mpaka kinakauka kabisa, kisha munakirashia unga wa chaki. Ndiyo, chaki hii ya ubaoni. Munakigonga kidogo na nyundo. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani inapanda na kuchora mustari juu ya chaki nyeupe. Wengine wanakining'iniza na kamba na kukigonga: chuma kizima kinalia kama kengele yetu ya kanisa, chenye ufa kinalia kama sufuria iliyopasuka. Mimi ninapenda ya chaki, kwa sababu sikio linaweza kudanganyika. Chenye ufa kinatupwa. Hapana kusudire, hapana huruma.

Rulema zinaoshwa, zinakaushwa, zinazungushwa polepole na kidole. Zikikwaruza kidogo tu, kwisha. Wengi wanatia mpya bila kupima, maana bei yake si kitu mbele ya kazi ya kufungua tena.

Ninafika kwa freni, na kwa sababu iliyonifanya ninyamaze siku ile.

Likizo kubwa ya mwaka juzi nilikuwa kwa mujomba wangu nikimsaidia garaji. Aliletewa kamioneti moja, silindre kubwa ya freni ilikuwa inavuja. Ndani ya silindre ile kuna pistoni na vikombe vidogo vya mpira. Ukikanyaga pedali, kikombe kinasukuma mafuta ya freni kwenda kwa magurudumu. Ukiachilia, kikombe kinarudi nyuma ya kitundu kidogo sana, na mafuta yanapita hapo kurudi katika kopo lake. Mujomba aliniambia: “Safisha vyote, asubuhi nitaangalia kama mipira ingali mizuri.” Akaenda nyumbani. Mimi, nikitaka anione mtu wa bidii, nikatia chuma na mpira pamoja katika bakuli la esansi iliyokwisha kusafisha motere, nikaviacha humo mpaka asubuhi. Mapema nikavipangusa, na silindre inje nikaipaka rangi nyeusi. Iling'aa kweli.

Mujomba akaja, akashika vikombe, akauliza: “Umesafisha mipira na nini?”

Nikajibu: “Na mafuta ya freni, mujomba.”

Nilisema uongo. Nilikuwa nimeshaona katika uso wake kwamba jibu la kweli si zuri.

Mpira wa freni umefanywa kukaa ndani ya mafuta ya freni tu, ambayo si mafuta ya jamaa moja na ya motere. Esansi, mazuti, petroli, mafuta ya motere, yote yanauvimbisha. Macho hayakuona kitu siku ile. Lakini kikombe kilichovimba kilifunika kile kitundu, mafuta hayakuweza kurudi, na freni zilibaki zimeshika kidogo kidogo njia yote. Siku ya soko kamioneti ilipanda na watu na mizigo. Magurudumu yakaanza kutoa moshi. Joto likachemsha mafuta ya freni, na kitu kilichogeuka mvuke hakisukumi tena. Dereva alipokanyaga, pedali ilikwenda mpaka chini. Mungu alisaidia kwamba ilikuwa pahali pa sawa, mbele ya mtelemko. Watu waliruka na kutia mawe chini ya magurudumu.

Mujomba alilipa kuivuta, akalipa piese mpya, akalipa na siku ya soko ya mwenye kamioneti. Mimi nilimwambia ukweli nyuma ya siku tatu. Hakunipiga. Alisema tu: “Ungelisema asubuhi ile, ingelikuwa kazi ya saa moja.”

Kwa hiyo, ndugu yangu wa “kupaka rangi, basi”, ujue namna watu wa Locost wanavyofanya freni. Mipira yote inatupwa, hata ile inayoonekana mizima, na mabomba ya mpira vilevile. Ndani ya silindre wanatazama kwa taa. Kama kutu imechimba vishimo, silindre nzima inatupwa, maana kikombe kipya kitakatwa na vile vishimo. Disiki inapimwa unene, na nyingi zimeandikwa kipimo chake cha mwisho juu ya chuma chenyewe. Kuosha ni kwa mafuta ya freni mapya ao kwa alkoli, si kwa kitu kingine. Rangi inakuja mwisho, na haiingii pahali piese zinapogusana.

Kule Uingereza haitoshi mtu kusema “nimetengeneza vizuri”. Tangu 1998 motokari ya namna hii inapashwa kukaguliwa moja moja mbele ya kutembea barabarani, na tangu 2009 ukaguzi huo unaitwa IVA. Wanapima freni, taa, volani, mukanda, hata ncha za inje, zisichome mtu atakayegongwa. Tena wanataka hati za mtoaji. Asiyeweza kuonyesha umri wa motokari yake anapewa namba inayoanza na herufi Q, na kila mtu anayeipita barabarani anajua.

Mwenzetu mwenye picha aliniuliza kama sisi hapa tunaweza kufanya moja. Shasi, labda, kama Bwana Prefe atatuachilia mashini ya kusudire. Ekseli ya kamioneti iliyolala nyuma ya atelie nimeitazama: sanduku lake limejaa maji, lakini vyuma vya pembeni vinaonekana vizima. Anayetaka tuvipime kwa chaki aje Siku ya Tatu nyuma ya masomo. Chaki ninazo vipande vitatu, mwalimu wa hesabu anajua. Petroli kila mtu alete yake.