Kiwewe Baada ya Janga: Ni Ugonjwa, Si Woga



Siku moja nilikuwa nafundisha darasa la kisomo kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Mvua ikaanza ghafla, ikapiga bati kwa kishindo. Mama mmoja aliruka, akamnyakua mtoto wake, akakimbilia nje akipiga kelele, "Tokeni! Tunazama!" Darasa zima likacheka. Mimi mwalimu nilicheka pia.

Baadaye mzee mmoja aliniita pembeni. "Mwalimu, mtumbwi wa yule mama ulizama kwa dhoruba mwaka juzi. Mdogo wake alimponyoka mkononi." Niliona aibu sana. Ndiyo sababu ya somo la leo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu akipona vita, ajali, ubakaji au moto, kwa kawaida hushtuka-shtuka kwa siku au wiki kadhaa. Wengi hutulia wenyewe. Lakini kwa wengine kiwewe hakiondoki. Kikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya shughuli zake, huo ni ugonjwa.

Sisi wa Ziwa Victoria tunakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Mamia ya watu walikufa. Kiwewe kinaweza kuwapata waliookolewa, waliofiwa, na hata waliotoa maiti majini.

DALILI ZAKE

1. Janga humrudia. Usiku huota jinamizi. Mchana huona kama linatokea tena.
2. Hukwepa. Mvuvi huuza nyavu zake, wala hasemi kwa nini.
3. Hatulii. Hapati usingizi, hushtuka ovyo, hukasirika upesi.
4. Hujilaumu, hujitenga, hafurahii kitu.

Wengine hunywa pombe ili walale. Pombe huongeza ugonjwa.

SI WOGA, SI KULOGWA

Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari wengi wa Ulaya walipatwa na kiwewe. Waliitwa waoga. Baadhi yao walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe! Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa Marekani waliuandika katika kitabu chao cha magonjwa ya akili.

UNATIBIWAJE?

Tiba kubwa ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Njia mojawapo hutumia kamba. Mgonjwa huitandaza chini. Kamba ni maisha yake tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo jema huweka ua, kwa kila jambo baya huweka jiwe. Kisha husimulia maisha yake kwa mpangilio, kikao baada ya kikao. Akifika kwenye jiwe zito huenda pole pole, mshauri yuko naye. Taratibu moyo hujifunza kuwa jambo lile limekwisha. Jiwe haliondoki kwenye kamba, lakini sasa linakaa mahali pake.

Huko Nakivale, Uganda, wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia walitibiwa kwa njia hii. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao, si madaktari, waliofundishwa kwa wiki chache. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: wengi waliotibiwa walipona.

Zipo pia dawa za hospitali. Zitumiwe kwa maelekezo ya daktari tu.

TUFANYE NINI?

- Tusimcheke mgonjwa.
- Tusimlazimishe kusimulia. Akitaka mwenyewe, tumsikilize.
- Tumpeleke zahanati, tuombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya.
- Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Mimi nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Nikamweleza haya niliyoandika hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kumbe inatibika, mwalimu?"

Ndiyo, mama. Inatibika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja dalili tatu za ugonjwa huu.
2. Kwa nini si vizuri kumlazimisha mgonjwa kusimulia?
3. Je, kijijini kwenu yupo mtu mnayemcheka, kumbe ni mgonjwa? Mtamsaidiaje?