SOMO KWA MAKATIBU: KUGAWA KAZI KUBWA KATIKA KAZI NDOGO



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni hivyo hivyo.

Programu za kompyuta za kusimamia kazi, kama vile Jira, hufuata kanuni hii: kazi kubwa hugawanywa katika kazi ndogo, na kila moja hupewa mtu wake. Chama kisicho na kompyuta kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari.

Tutazame karafuu zetu hapa Pemba. Katibu akiandika "Kukausha karafuu" tu, hajamtuma mtu. Chini yake na aandike: kuchambua makonyo, kuanika, kugeuza, kuanua wingu likitanda, kutia magunia na kupeleka kituo cha ZSTC. Kila mstari uwe na jina moja, siku yake, na hali yake: bado, inafanywa, au imekwisha.

Karafuu mbichi zikiachwa katika lundo bila kuanikwa hupata joto na kuchacha. Zikikauka huwa zimepauka na kukunjamana. Hapo daraja hushuka, na bei pia. Hasara hiyo yaweza kutoka katika mstari mmoja usio na jina.

Kazi kubwa isiandikwe "imekwisha" maadamu kazi ndogo moja imebaki.

Zoezi: Kabla ya mkutano wa kamati ujao, chagueni kazi moja ya chama chenu muigawe hivyo. Kisha ulizaneni: ni mstari upi hauna mwenyewe?