Somo la Gari: Rejeta Inayovuja

Somo letu la leo ni kwa kila mwanachama mwenye gari la kuchukulia karafuu, na kwa yule anayekodi la mwenziwe pia. Msimu ukifika sote huangalia magunia, majamvi na wachumaji. Ni wachache wanaofungua boneti kuitazama rejeta. Lakini gari likichemsha njiani na karafuu mbichi zimo ndani, hasara ni mbili. Karafuu zilizobanwa ndani ya magunia hupata joto na kuvunda, na zikianikwa hutoka nyeupe zilizosinyaa. Na injini iliyochemka mno hupinda silinda hedi, ambayo matengenezo yake ni ghali kuliko rejeta mpya.

Kwa mfano tutazame mahali palipo mbali na bahari: Binza, katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Wenzetu wa huko hulima pamba, na malori yao, kama yetu, hufanya kazi ngumu katika miezi michache ya mavuno. Nchi ile iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yachemkavyo upesi. Sufuria iliyo wazi hapa visiwani huchemka kwenye digrii 100 za Selsiasi. Kule Binza huchemka kwenye 96 hivi.

Je, lori la Binza laendaje, hali injini nyingi hufanya kazi kwenye digrii 90 hivi? Jibu limo katika kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi inayobana presha. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, huyazuia maji ya pwani yasichemke mpaka karibu na digrii 118. Basi tundu dogo hutoa maji na hutoa presha pia. Ndiyo maana dereva huapa kwamba maji yalipungua kidogo tu, na gari limechemsha.

Kabla ya kutafuta tundu, injini na ipoe. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiweza kuushika kwa mkono bila kuungua, na ukiuona laini, fungua kifuniko polepole juu ya kitambaa. Anayefungua rejeta ya moto huungua uso.

Jaza maji, kisha angalia. Palipovuja na kukauka huacha ukoko mweupe, au wa rangi ya ile kulanti. Minya mipira yote, hasa karibu na klipu. Mpira uliopasuka hufunguka mdomo ukiukunja. Tazama chini ya pampu ya maji. Pana kitundu kilichowekwa makusudi na watengenezaji; kikidondosha maji, sili ya pampu imekwisha, na kukiziba ni kujidanganya. Zulia likiwa limelowa mbele ya abiria na pana harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita. Maji safi yasiyo na rangi yanayodondoka chini ya gari lenye kiyoyozi si kitu.

Usipoona popote, fundi mwenye pampu ya kupimia presha atie presha injini ikiwa baridi, isipite namba iliyo kwenye kifuniko. Presha ikishuka na nje pakavu, ogopa gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usiokwisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hapo gari lisiendeshwe.

Mpira uliopasuka karibu na ncha hukatwa, ukarudishwa na klipu mpya, ikiwa urefu watosha. Rejeta ya shaba huzibwa kwa lehemu ya risasi, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Rejeta za siku hizi za aluminiamu zenye matangi ya plastiki hazikubali lehemu hiyo. Gundi ngumu itakufikisha nyumbani, kisha nunua nyingine. Wapo wanaotia yai la kuku. Yai huziba tundu, kweli, na mirija mizima pia.

Hila nyingine ya njiani ni kulegeza kifuniko ili presha isisukume maji nje. Hapa pwani hukuachia digrii kumi tu kabla ya kuchemka. Kule Binza ni sita. Basi ifanye injini ikiwa baridi, uende polepole, gari likiwa tupu, na dumu la maji liwe ndani.

Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi, nayo hula chuma. Tumia maji ya mvua, nusu kwa nusu na kulanti, maana kulanti huzuia kutu. Ukimaliza kujaza, washa injini kifuniko kikiwa wazi, uongeze maji kadiri hewa itokavyo, mpaka mpira wa chini upate moto, ndipo ufunge. Kulanti iliyomwagwa ni tamu na ni sumu: ikingwe katika beseni, mbali na watoto na mbuzi.