Akiba haiozi? Somo juu ya maneno ya fedha kwa mwanafunzi anayetumika

Methali "Akiba haiozi" tulifundishwa sote tangu shule ya msingi, na katika mitihani ya fasihi simulizi tunaieleza bila shida: kilichowekwa leo kitafaa kesho. Lakini tuipime kwa hesabu ya hapa kwetu. Mwaka 2015 dola moja ya Marekani ilivunjwa kwa faranga 920 hivi. Mtu aliyeweka faranga 92,000 chini ya godoro alikuwa na dola 100. Mwaka 2024 dola moja ilikaribia faranga 2,800, na fungu lile lile, noti zile zile, lilikuwa limebaki dola 33 tu. Hakuna mwizi aliyeingia. Akiba imeoza.

Somo hili linawahusu wenzetu wa kitivo ambao asubuhi wako darasani, alasiri wanafundisha watoto wa watu nyumbani au wanapiga chapa katika sekretarieti za kando ya barabara, na jioni wanarudi kwenye jamaa inayowangoja. Ni wengi kuliko tunavyokubali kusema. Sisi ni watu wa lugha, kwa hiyo tutaanzia katika maneno, kisha tutaona yanatupeleka wapi.

Neno la kwanza ni kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili sanifu, "kutumika" ni kitenzi "tuma" au "tumia" kilichopata umbo la kutendeka: kisu kinatumika, njia inatumika. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kusema yuko kazini husema "ninafanya kazi". Mtu wa Lubumbashi husema "natumika", na hasikii ubaya wowote ndani yake. Wako walimu wanaolisahihisha neno hili kwa wino mwekundu. Mimi naona afadhali walieleze kuliko kulifuta, kwa sababu lina historia ya mji mzima ulioajiriwa. Linganisha na "kibarua": ni "barua" iliyopunguzwa kwa kiambishi ki-, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili siku yake ihesabiwe. Karatasi ikawa jina la mtu. "Mshahara" nao umetoka katika Kiarabu, na shina lake ni neno la mwezi: malipo ya mwezi kwa mwezi. Basi mwanafunzi anayesema anapata mshahara kwa kufundisha nyumbani anasema jambo kubwa kuliko hali yake, maana wazazi wengi humlipa wao wenyewe wakisha kulipwa, na mwezi wao unaweza kuwa na siku arobaini. Kwa kweli yeye ni kibarua, na mipango yake ingefaa iwe ya kibarua: asihesabu fedha ambayo haijafika mkononi.

Kuna kazi nyingine isiyoitwa kazi. Msichana anayerudi kutoka kwenye kibanda cha mayunite saa kumi na mbili jioni, akawasha makaa, akasonga bukari, akaogesha watoto wa dada yake, hasemwi kwamba ametumika. Anasemwa "amesaidia". Ndugu yake wa kiume, mwenye saa zile zile darasani, mara nyingi hapewi hata kitenzi hicho. Katika mfumo wa LMD mwaka una krediti 60, na krediti haihesabu saa za darasani peke yake. Inahesabu pia saa za kazi binafsi ya mwanafunzi. Saa hizo zinatoka wapi? Zinatoka usiku, na kwa wasichana usiku huo umeshaliwa nusu. Kwa hiyo mtu anayetaka kupatanisha masomo, kazi na nyumba aanze kuhesabu saa kabla ya kuhesabu faranga. Kazi ya kulipwa inayokula saa za kuandika memuari inaweza kuongeza mwaka mzima wa masomo, na mwaka huo una minervali yake, nauli zake na chakula chake.

Sasa tuje kwenye fedha yenyewe. Tunaiita "feza", tunaiita "makuta". Hili la pili ni ukumbusho wa mwaka 1967, zaire ilipoanzishwa na kugawanywa katika makuta 100. Sarafu hiyo imekufa zamani, jina limebaki. Na ilikufa vibaya. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani; mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: faranga moja ya 1998 ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za kwanza. Mzazi aliyeyapita hayo, aliyeona pia noti za zaire 5 na 10 zikiondolewa ghafula mwaka 1979, na michezo ya fedha kama Bindo ikianguka pamoja na fedha za watu mjini Kinshasa mwaka 1991, hawezi kulaumiwa akikwambia kwamba kuweka ni kupoteza. Yeye hununua bati, saruji, mbuzi. Ana mantiki yake, na wanauchumi wangeifahamu bila kufundishwa.

Lakini mwanafunzi hana mahali pa kuweka saruji. Ana nini basi?

Ana, kwanza, mfumo wa karte. Mkusanyaji hupita sokoni kila siku, huchukua kiasi kile kile, hutia alama katika kimoja cha vyumba 31 vya karatasi, na mwisho hurudisha yote isipokuwa malipo ya siku moja, ambayo ni ujira wake. Ukiweka faranga 1,000 kila siku utatoa 31,000 na kurudishiwa 30,000. Wengine husema: ni moja tu juu ya thelathini na moja, si kitu. Angalia vizuri. Fedha haikuwa mikononi mwake yote kwa mwezi wote. Ilikuwa inaongezeka kidogo kidogo, na kwa wastani alishika faranga kama 16,000. Kumbe umelipa zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi ili mtu akutunzie fedha yako. Hata hivyo mama wauza mboga si wajinga. Wananunua kitu: miguu ya mtu anayekuja kuichukua fedha kabla haijapata njia nyingine. Mwanafunzi aliye na kibanda cha kila siku anaweza kununua kitu hicho kwa mwezi mmoja au miwili akijua bei yake. Akiendelea mwaka mzima, ni ghali.

Ana, pili, likelemba. Neno ni la Kilingala, nasi tumelichukua bila kulivika nguo. Jirani zetu wa Tanzania husema upatu. Tuseme watu kumi, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hubeba 200. Watu huzungumza kana kwamba wote kumi wanapata sawa. Kwa jumla ndiyo, kwa wakati hapana. Wa kwanza amekopeshwa dola 180 na wenzake tisa bila riba. Wa kumi amewakopesha wote, naye bila riba. Ikiwa mchango ni wa faranga na faranga inashuka, wa kumi amepoteza zaidi, na ndiyo sababu vikundi vingi vya mjini hupenda dola. Kwa hiyo jambo la kujadili siku ya kuanza ni zamu kuliko kiasi. Mwanafunzi aombe zamu inayoangukia mwezi wa minervali au wa kuweka memuari, akubali kumwachia mwingine mwezi wa mwanzo kama ndiyo bei yake. Na asiingie na watu asioijua milango yao. Likelemba haina sanduku. Fedha hailali popote, inatoka mkono na kuingia mkono siku ile ile. Hapo ndipo usalama wake, na hapo ndipo hatari yake pia: ulinzi pekee ni aibu ya yule ambaye angekimbia baada ya kubeba.

AVEC ni kitu kingine, ingawa wengi huchanganya majina. Mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Hapa kuna sanduku, lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, ambao siye yule anayelala na sanduku. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, moja hadi tano, kadiri alivyojaliwa wiki hiyo. Hilo la "kadiri" lina thamani kubwa kwa kibarua: wiki mbaya hununua hisa moja na bado ni mwanachama, wakati likelemba humdai kiasi kile kile hata kama wazazi wa watoto hawajamlipa. Wanachama hukopa humo, kwa kawaida mpaka mara tatu ya walichoweka, hurudisha na riba, na baada ya mwaka hivi sanduku linafunguliwa na kila mtu hugawiwa kwa hisa zake pamoja na faida. Riba uliyolipa inakurudia kwa sehemu. Linganisha na mkopo wa mtaani tunaouita Banque Lambert, ambapo mara nyingi dola 100 hurudishwa 150 baada ya mwezi mmoja. Kwa mwanafunzi hakuna mkopo wa namna hiyo unaofaa. Aahirishe hata mtihani kuliko kuuingia.

Simu nayo imekuwa sanduku. M-Pesa iliyoanzia Kenya mwaka 2007 ilifika kwetu mwaka 2012, na mfuko wake hapa una vyumba viwili, cha faranga na cha dola. Gharama ya kutoa hulalamikiwa na wote. Mimi nina neno la kuitetea. Fedha inayotoka bure hutoka mara nyingi. Dola za karatasi zinafaa pia, mradi zitunzwe zimenyooka, kwa maana noti iliyopasuka kidogo tu kona mwenye kuvunja fedha ataigeuza mara mbili na kukurudishia.

Tumefika mahali pagumu. Ujumbe unaingia kwenye simu: "Yaya, mtoto amerudishwa shuleni." Aliyeuandika si mdanganyifu, na mtoto kweli amerudishwa. Vitabu vya akiba vinavyotafsiriwa kutoka ng'ambo hushauri mtu ajilipe kwanza, na tafsiri yake kwetu ni kwamba ulikula peke yako. Hapa lugha inafanya kazi ambayo hesabu haiwezi. Pima majibu mawili. La kwanza ni "Sina." Ni fupi, na kila mtu anajua si kweli, kwa sababu walikuona ukitoka kazini, litakumbukwa siku ya kilio chako. La pili ni la Kiswahili chetu cha mtaani: "Makuta iko, lakini iko na kazi." Msemaji hakukana fedha. Ameipa fedha kazi, akaitoa katika umiliki wake wa peke yake. Akisema "ni ya likelemba, siku ya kutoa ni Jumamosi", mjomba mwenyewe atanyamaza, kwa sababu naye yuko katika likelemba na anajua watu tisa wengine wanangoja. Jamaa huheshimu deni kuliko akiba. Ukiwa na akiba una fedha isiyokuwa na mwenyewe. Ukiwa na deni kwa kikundi una fedha yenye wenyewe kumi.

Ila mtu akitumia jibu hilo kila mara, nalo litakufa. Dawa ni kwamba jamaa iwe na fungu lake linalojulikana. AVEC zina mfuko wa kusaidiana uliotengwa na ule wa mikopo, na mutuelle za solidarité za Kivu, zinazoitwa MUSO, zimeuonyesha wazi kwa rangi: sanduku la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la magonjwa na misiba, buluu ni la fedha inayotoka nje. Mwanafunzi anaweza kuiga hayo katika bahasha. Tuseme anapata dola 80 kwa mwezi: 40 chakula na nauli, 20 likelemba, 15 jamaa, 5 za kukaa. Zile 15 zikiisha tarehe kumi, anaweza kusema zimeisha na kuonyesha zilikokwenda, na ndugu watabishana wao kwa wao kuhusu zamu. Zisipoisha, zinalala humo kungoja kilio. Nimeona watu wakianza na fungu la jamaa kubwa mno kwa sababu ya haya, wakalivunja mwezi wa pili. Bora dogo linalodumu.

Tumalizie upande wa sarufi. Tunasema "uhuru wa kifedha", lakini ni tafsiri tu. Neno lililokomaa ni "kujitegemea", ambalo Nyerere alilipa umaarufu mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kwake lilihusu shule na taifa: shule ziwe na mashamba, ziishi kama jumuiya. Halikumhusu mtu anayejitenga na jamaa yake. Angalia familia ya kitenzi: tegemea, jitegemea, tegemeana, tegemewa, tegemeza. Kamusi husema "mtegemezi" ni yule anayetegemea wengine, ingawa kwa umbo lake neno lingeweza kutoka kwa "tegemeza", likamtaja anayewashikilia. Mwanafunzi anayetumika ni mtegemezi kwa njia zote mbili: baba bado anamlipia nusu ya minervali, na mdogo wake anamngojea daftari. Lengo la wengi wetu ni kuvuka polepole kutoka "tegemea" hadi "tegemewa". Kiambishi ji- hukaa katikati, nacho ni miaka michache tu.

Zoezi. Eleza kwa sentensi mbili mbili tofauti ya maana kati ya "weka", "wekea", "limbika" na "limbikiza", ukitoa mfano wa fedha kwa kila kimoja. Tafsiri kwa Kifaransa "Makuta iko, lakini iko na kazi" bila kupoteza adabu iliyomo. Wawili wawili, mlinganishe tafsiri zenu. Kisha nenda sokoni kwa mama mmoja mwenye karte, umsalimu vizuri, ununue kitu kwanza, na umwombe akueleze fedha yake inapita wapi tangu asubuhi mpaka jioni. Andika vitenzi vyote alivyotumia kama alivyovitamka, usivisahihishe.